Wiki Mbili Zisizo na Mtoto

Shemeji yangu mmoja anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Safari yake huchukua mwezi na ushee, kutegemea foleni za mipakani, ya Tunduma na ile ya Kasumbalesa. Mwaka juzi alirudi nyumbani tarehe 10 Juni. Tarehe 22 Julai mkewe, ambaye ni mdogo wangu, akaenda kupiga picha ya utrasaundi, na karatasi ikaandikwa wiki 8. Jioni hiyo simu yangu ikaita. "Shemeji," akasema, na sauti haikuwa ile ninayoijua, "mimi nina wiki sita tu tangu nirudi. Hizo mbili ni za nani?"

Nikamwambia achukue kalamu na karatasi, maana jambo hili kwa maneno matupu halieleweki. Mkewe aliingia hedhi yake ya mwisho tarehe 27 Mei. Hesabu ya ujauzito hospitalini huanzia hapo, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala haianzii siku wawili walipokutana. Sababu yake ni nyepesi: siku ya hedhi mwanamke anaiona na anaweza kuikumbuka, ila siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeiona. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka kama siku ya 14. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo zinazoandikwa kwenye karatasi ni za mwanamke ambaye bado hana mimba. Kutoka 27 Mei hadi 10 Juni ni siku 14. Kutoka 27 Mei hadi 22 Julai ni siku 56, yaani wiki 8 kamili.

Akakaa kimya, nikamsikia akirudia hesabu kwa kunong'ona. Kisha akauliza: "Sasa hili si wangetuambia pale pale?"

Ana haki ya kuuliza. Ugomvi huu nimeusikia zaidi ya mara moja, na mara moja uliishia mke kurudishwa kwao na mimba yake. Ndiyo maana nimeona niandike, tena nisiishie kwenye hesabu tu. Mwili wa mjamzito unabadilika kwa kasi ambayo hakuna kipindi kingine cha utu uzima kinaifikia, na akili nayo inabadilika. Watu wanaomzunguka wanaona, na wanachokiona wanakipa maelezo. Nimekuja kuamini kwamba imani zetu nyingi kuhusu mimba zilianzia kwa mtu aliyeona jambo la kweli. Macho hayakumdanganya, maelezo ndiyo yaliyoenda kombo. Ukizitupa zote kwa pamoja na kuziita ujinga, bibi hatakusikiliza, na bibi ndiye anayekaa na mjamzito usiku.

Tumalizie kwanza hesabu. Tunasema miezi tisa, hospitali wanasema wiki 40, yaani siku 280 tangu hedhi ya mwisho. Ya mdogo wangu ikaangukia tarehe 3 Machi. Hiyo huitwa tarehe ya matarajio, na neno lenyewe linajieleza: takribani mtoto mmoja tu kati ya ishirini huzaliwa siku hiyohiyo. Mtoto aliyetimia huja wakati wowote kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42. Na wale wanaosema mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hafai, hapana. Kila wiki anayoongeza tumboni inamkomaza mapafu na kumpa nguvu ya kunyonya. Wa miezi minane yuko mbele ya wa saba, na hakuna mlango wowote unaofungwa katikati.

Sasa twende mwilini. Tangu siku za mwanzo, yai lililotunga hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuanza kujenga kondo la nyuma. Wengi wetu kondo tunalijua mwisho wake tu, kile kinachotoka baada ya mtoto na kwenda kufukiwa kwa heshima. Kazi yake yote inakuwa imeshapita. Kondo ni kama duka la mtaani lenye nondo: bidhaa zinapita kwenye nafasi, hela inapita, lakini watu wa nje hawaingii ndani. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Zinakaa huku na huku ya ukuta mwembamba sana, na kupitia ukuta huo hewa safi, sukari na virutubisho vinaingia, taka zinatoka. Bahati mbaya nondo hazizuii kila kibaya. Pombe inapita, sumu ya sigara inapita, na baadhi ya virusi navyo vinapita.

Ukilielewa duka hili, maneno mengi ya mtaani yanaanguka yenyewe. Tunaambiwa maji ya baridi yatampa mtoto nimonia tumboni. Maji yakishafika kwenye tumbo la chakula hupata joto la mwili wa mama, na tumbo la chakula na mji wa mimba ni vyumba viwili tofauti visivyo na mlango kati yao. Mtoto hanyweshewi maji ya friji. Pilipili nayo haimwashi macho, kama inamsumbua mtu basi ni mama mwenyewe. Lugha yetu imechangia hapa: tunasema "mtoto yuko tumboni" na "chakula kiko tumboni" kwa neno moja, na mtu akifikiri kwa neno hilo lazima aone ugali unamwangukia mtoto kichwani.

Kuna katazo moja linaniuma kuliko mengine, nalo ni la mayai. Mjamzito asile mayai, mtoto atazaliwa kipara. Nywele za mtoto zinatokana na urithi wake. Watoto wengi huzaliwa na nywele chache na zinaota baadaye. Lakini yai ni mojawapo ya vyakula bora na vya bei nafuu ambavyo mwanamke wa kijijini anaweza kuvipata bila kumwomba mtu, kwani kuku wako uani. Kumnyima hicho, halafu kaka zake na mumewe wakala mbele yake, ni kumpokonya mtoto protini kwa hofu ya kipara.

Damu ndiyo inayochanganya zaidi kliniki. Mama anaambiwa "damu yako imeshuka" na anajiuliza imeenda wapi, maana hajatoka hata tone. Fikiria umepika mchuzi wa watu wanne, ghafla wageni wanabisha hodi. Unaongeza maji, nyama haiongezeki kwa kasi hiyo. Mchuzi umekuwa mwingi lakini umekuwa mwepesi. Ndivyo mwili unavyofanya: kiasi cha damu huongezeka karibu kwa nusu hadi mwisho wa mimba, ila sehemu yake ya maji huongezeka kuliko chembe nyekundu zinazobeba hewa. Kwa hiyo kushuka kidogo ni kawaida. Mpaka uliowekwa ni gramu 11 kwa desilita. Chini ya hapo ni upungufu wa damu, na hapo mchuzi unahitaji nyama: madini ya chuma.

Zile tembe tunazoziita FEFO ndizo nyama yenyewe, chuma na asidi ya foliki pamoja. Wapo wanaozificha chini ya godoro kwa kuambiwa zinamnenepesha mtoto mpaka ashindwe kupita. Hazimnenepeshi. Wapo wanaoziacha kwa sababu haja imekuwa nyeusi, wakidhani zimewaharibu ndani. Weusi huo ni chuma kilichobaki bila kusharabiwa, wala hakina madhara. Na kuna wanaozimeza vizuri kabisa kila siku, kwa kikombe cha chai ya rangi. Hao nawasikitikia, kwa sababu majani ya chai hukishika chuma kisiingie mwilini. Maji na kipande cha chungwa vinafaa zaidi, chai isubiri saa moja au mbili.

Hapohapo kwenye damu ndipo panapotokea jambo lingine ambalo kila mtu amelishuhudia, la udongo. Pita soko lolote la Dar es Salaam utaviona vijiti vya udongo wa kijivu vimepangwa kwenye sinia kando ya ndimu na tangawizi. Wanunuzi wanajulikana na muuzaji haulizi. Mdogo wangu alikuwa anavifunga kwenye pindo la khanga, anakimega kimoja, anakinusa kwanza. Harufu ndiyo ilikuwa inamwita, ile ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mama mkwe akasema mwacheni, mtoto ndiye anayetaka, akinyimwa atazaliwa na baka.

Mabaka ya kuzaliwa hutokana na mishipa midogo ya damu au rangi ya ngozi, na yale ya bluu mgongoni na makalioni ni ya kawaida kabisa kwa watoto wetu. Hayana deni la udongo. Lakini hamu yenyewe si uongo wala deko. Kula udongo, barafu au mchele mbichi huambatana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, na wengine huona udongo unawatuliza kichefuchefu. Shida ni kwamba udongo nao hukishika chuma tumboni, kwa hiyo anayeutafuta kwa sababu damu imepungua anazidi kuipunguza. Juu ya hapo, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto, au mayai ya minyoo. Mdogo wangu hatukumkemea. Alipimwa damu, ikasoma 9.6, akapewa tembe kwa kipimo cha matibabu. Baada ya wiki kadhaa akaniambia mwenyewe kwamba siku hizi ile harufu haimwiti kama mwanzo.

Kichefuchefu kinawapata wanawake wengi mno, kama saba au nane kati ya kumi. Kwa miaka mingi tulilaumu homoni kwa jumla bila kujua ni ipi. Homoni ni kama mjumbe wa nyumba kumi: anatoka sehemu moja ya mwili, anapita kwenye damu akibisha nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inafanya alichoagiza. Desemba 2023 watafiti wa Marekani na Uingereza walionyesha kwamba mjumbe mkubwa wa kutapika anaitwa GDF15. Kwenye mimba hutengenezwa zaidi na kondo, halafu hufika kwenye sehemu ya ubongo wa mama inayoamuru kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kidogo sana cha kitu hicho ndiye anayeteseka zaidi, kwa sababu mwili wake haujakizoea. Nilifurahi sana kusoma hayo. Ni mara ngapi mwanamke anayetapika mpaka nyongo ameambiwa anajidekeza, au kwamba haitaki hiyo mimba?

Kwa wengi kichefuchefu huanza wiki ya 6 na kupungua kufikia wiki ya 16. Wapo pia wa mate, wale wanaopanda daladala na kopo lenye mfuniko mkononi, wanatema kila baada ya dakika, wakiona haya. Asichekwe. Anayetapika kila kitu hata maji, mkojo umekuwa wa kahawia na uzito unashuka, huyo asisubiri mwezi wa nne. Anahitaji dripu na dawa, na dawa salama zipo.

Pua nayo hubadilika. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa, ya sabuni aliyoipenda mwenyewe, ya jasho la mume, vyote vinaweza kumpindua. Hapo ndipo tunaposema "mimba imemkataa mume", na kuongeza kwamba unayemchukia ndiye mtoto atakayefanana naye. Sura ya mtoto iliamuliwa siku yai na mbegu vilipokutana. Chuki ya mwezi wa tatu haiwezi kurudi nyuma kuibadilisha. Ila mke kukereka na harufu ya mtu kunatokea kweli, na mume anayejua kwamba ni pua hataumia kama yule anayeamini kwamba ni moyo. Shemeji yangu alibadilisha mafuta ya kujipaka na akawa anaoga kabla ya kuingia chumbani. Yakaisha.

Mengine nitayapitia haraka. Kuna homoni inayolegeza misuli laini ili mji wa mimba usijibane na kumsukuma mtoto kabla ya wakati, lakini mjumbe huyo habagui nyumba. Analegeza pia mlango wa juu wa tumbo la chakula, kiungulia kinapanda. Analegeza utumbo, choo kinakuwa kigumu. Analegeza mishipa ya damu, mama akisimama ghafla anaona giza. Mji wa mimba unaoanza na uzito wa kama gramu 70 unafika zaidi ya kilo moja, hapo hujamhesabu mtoto, kondo wala maji. Mgongo ukiuma una kila sababu. Mstari mweusi tumboni na mabaka usoni ni rangi ya ngozi iliyoamshwa na homoni hizohizo, wala hausomeki kama kitabu cha kujua mtoto ni wa kike au wa kiume.

Maana hilo ndilo kila mtu anataka kusoma. Tumbo likichongoka ni dume, likitanda ni jike. Mwaka 1999 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwauliza wanawake 104 wabashiri. Walipatia kwa asilimia 55, yaani karibu sawa na kurusha shilingi. Umbo la tumbo hutokana na misuli ya mama, idadi ya mimba alizobeba na jinsi mtoto alivyolala. Lakini watafiti hao hao mwaka 2006 wakaichunguza imani nyingine, kwamba kiungulia kikali ni nywele za mtoto. Walitarajia kuikanusha. Kwa wanawake 64 waliowafuata, waliosumbuliwa sana na kiungulia kwa kweli walizaa zaidi watoto wenye nywele nyingi! Nywele hazikwaruzi tumbo la mtu. Wao walifikiri huenda homoni zilezile zinazolegeza mlango wa tumbo ndizo zinazohusika na ukuaji wa nywele za kichanga. Bibi aliona sawa.

La jinsia ya mtoto lina uzito kuliko nywele, kwa sababu wanawake wanaachwa kwa ajili yake. Yai la mama daima hubeba alama moja, X. Mbegu ya baba hubeba X au Y. Ikifika yenye X ni msichana, ikifika yenye Y ni mvulana. Mwanaume anayemfukuza mke kwa kuzaa wasichana watupu anamwadhibu kwa kitu kilichotoka kwake yeye.

Tuje kwenye kichwa. Wajawazito wengi hulalamika kwamba wanasahau: ameweka funguo ndani ya ndoo ya unga, ameingia chumbani na hajui alifuata nini. Mwanasayansi wa ubongo wa Marekani, Elizabeth Chrastil, alipobeba mimba alijitolea ubongo wake upigwe picha mara 26, tangu kabla ya mimba hadi miaka miwili baada ya kujifungua, na matokeo yakatoka mwaka 2024. Tabaka la juu la ubongo lilipungua unene karibu kila mahali. Neno "kupungua" linatisha, lakini mkulima wa korosho analielewa. Mkorosho ukipogolewa unabaki na matawi machache, na mazao yanakuwa bora. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika Hispania kwa kina mama wa mtoto wa kwanza ulikuwa umeona jambo linalofanana, hasa kwenye sehemu zinazotusaidia kuelewa wenzetu wanahisi nini, na waliobadilika zaidi ndio waliokuwa na mapenzi zaidi kwa vichanga vyao. Ongeza usingizi wa vipandevipande na safari za msalani usiku, na funguo kwenye unga haishangazi.

Machozi ni suala lingine. Mjamzito kulia kwa jambo dogo, kucheka, kulia tena, ni kawaida, na kwetu jina lake ni kudeka. Tatizo la neno hili ni kwamba linafunika pia ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100, na karibu 20 kati ya 100 waliojifungua, hupata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona. Ukikaa kwenye benchi la kliniki asubuhi na wanawake wengine kumi na wawili, wawili kati yenu huenda wanaubeba, kadi mkononi, na hakuna anayewauliza zaidi ya uzito. Machozi ya kawaida huja na kupita ndani ya siku. Anayekosa raha wiki mbili mfululizo, hataki kula au anakula kupita kawaida, halali hata nafasi ikiwepo, anasema mtoto huyu angekuwa bora bila yeye, huyo hadeki. Apelekwe kwa mtaalamu, na dawa anazoweza kutumia mjamzito zipo.

Baada ya kujifungua, huzuni ya siku ya tatu au ya tano hupata kina mama wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Hapo desturi ya arobaini inasaidia kuliko tunavyoisifu: mama anakandwa, anapikiwa, hapiki, halali peke yake. Lakini katika kila wazazi 1,000, mmoja au wawili hupata kile tunachokiita kichaa cha uzazi. Kinaanza ghafla, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Haoni usingizi, anasikia sauti, anaamini mtoto amebadilishwa. Nyumba nzima inaona na neno linalokuja ni majini. Ni dharura ya hospitali, hatari kwake na kwa kichanga, na akitibiwa mapema wengi hupona kabisa.

Majini hayo hayo ndiyo yanayosingiziwa kifafa cha mimba, na hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Katikati ya Januari simu ikaita tena. "Shemeji, viatu havimwingii. Mama anasema ni dume hilo, au mapacha." Mimba ilikuwa wiki ya 33. Miguu kuvimba jioni mwishoni mwa mimba ni kawaida, mji wa mimba unabana mishipa inayorudisha damu. Nikamuuliza: "Na uso je? Pete yake ya ndoa inatoka?" Akaniambia nisubiri. Nikasikia maji, sabuni, mdogo wangu akisema taratibu, unaniumiza. Pete haikutoka.

Presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20. Inatoka kwenye kondo lisilojishikiza vizuri tangu mwanzo, linalomwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu mishipa. Kipimo kikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hiyo ni hatua ya kabla ya kifafa cha mimba. Mbaya wake ni kwamba mwanzoni haiumi. Baadaye huja kichwa kinachouma bila kusikia dawa, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Kisha mwili unakakamaa na degedege linapiga. Mwenye kuona hivyo akaita mganga hajaona vibaya, kwani ni kitu cha kutisha kuliko vyote utakavyoona kitandani mwa mzazi. Ila saa zinazopotea kwenye ubani ndizo alizokuwa anazihitaji. Sindano ya magnesiamu salfeti huzuia na kusimamisha degedege, na tiba kamili ni mtoto na kondo kutoka. Kifafa hiki kinaweza kuja hata siku au wiki baada ya kujifungua.

Presha haionekani usoni, ndiyo maana mahudhurio ya kliniki hayapaswi kusubiri tumbo lijitokeze. Naijua hofu ya husuda inayofanya mimba ifichwe miezi mitatu, na kuna ukweli ndani yake: mimba nyingi zinazoharibika huharibika kabla ya wiki ya 12, na karibu nusu yake kwa kasoro za vinasaba ambazo hakuna jicho la mtu lililozileta. Waficheni majirani. Muuguzi msimfiche. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, na hapo asidi ya foliki inahitajika. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12.

Walifika kituo cha afya saa tatu usiku. Presha 150 kwa 100, protini kwenye mkojo, kichwa hakijaanza kuuma. Akapewa rufaa, akalazwa, akaanzishiwa dawa za presha, akawa anapimwa mara kwa mara. Tarehe 10 Februari, wiki 37 kamili, akaanzishiwa uchungu. Mtoto wa kike, kilo 2.6, nywele tele. Waliendelea kumpima presha siku zote za mwanzo za uzazi, nyumbani akikandwa na bibi, na shemeji safari hii akaacha lori kwa mwenzake. Wiki ya tatu nilipokwenda kumwona, alikuwa amekaa mkekani akimnyonyesha, pete ipo kidoleni, akaizungusha mara mbili kunionyesha kwamba inapwaya.